Mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya babu sio lazima ndo aliozaliwa

Watu wengi huku Dodoma wakifuatilia ukoo wanaanza na kadi ya babu, wakikuta 1922 basi imeisha, na rekodi yoyote yenye mwaka tofauti wanasema huyo mtu mwingine. Inaeleweka, kadi ina muhuri. Ila wazee wengi wa vijijini walizaliwa nyumbani, cheti hakuna, mwaka ukaja kukadiriwa na karani siku ya kuandikishwa, ndo maana unakutana na tarehe 1 Januari nyingi hivo.

Kuhakiki unaweza mwenyewe. Waulize wazee wa ukoo, ile njaa ya Mtunya (1917 hadi 1920) babu alikuwa anaisimulia kama aliyoiona au aliyohadithiwa? Kama alikuwa ashaanza kuchunga ndama, basi 1922 haiwezekani. Halafu kanisani omba kuona daftari la ubatizo, humo mara nyingi kuna jina la baba na wadhamini, ila wengine walibatizwa watu wazima kabisa kwahiyo usichanganye, ile ni tarehe ya maji, sio ya kuzaliwa. Na kijiji cha babu kilichoandikwa kwenye rekodi kama hukioni, uliza watu walihamishiwa wapi kwenye Operesheni Dodoma, yaani serikali ilipowahamishia watu vijiji vya ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 70.