Ardhi na mashamba makubwa Uganda: tunayoambiana na yaliyotokea

Kuna hii ya kusema Uganda haikujaa masetla kama Kenya eti kwa sababu Mwingereza alituheshimu. Si kweli jamani. Masetla walikuwepo, walipanda kahawa na mpira, halafu bei zikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1920 wengi wakafilisika, na wakati huo huo mkulima mdogo na jembe lake alikuwa anatoa pamba tangu 1903 bila mshahara wala meneja, serikali ikapiga hesabu ikaona faida iko kwake.

Ile inayoniuma zaidi ni ya kusema eti mkataba wa 1900, kati ya Mwingereza na ufalme wa Buganda, uliwapa Waganda (watu wa Buganda) ardhi yao. Waganda gani? Maili za mraba 8,000 ziliandikiwa machifu na wakubwa wapatao 1,000, orodha ikaja kupita 3,000, lakini mkulima wa kawaida jina lake halimo, ameamka siku moja pale pale penye makaburi ya babu zake anaambiwa yeye mpangaji, na pamba ilipoanza kulipa mwenye mailo, yaani ile ardhi iliyogawiwa kwa mkataba, akaja kudai sehemu yake. Malalamiko yalizidi mpaka ikatoka sheria ya 1928, busuulu (kodi ya ardhi anayolipa mpangaji kwa mwenye mailo) ikawekewa kikomo na mtu wa kibanja, yaani kipande anachokalia na kulima kwenye ardhi ya mwenye mailo, hafukuzwi hovyo. Ndiyo maana wazee walikuwa wanatunza zile risiti za busuulu kama dhahabu.

Sasa mtu anakwambia Amin ndiye aliyemkomboa mkulima na amri ya 1975! Kweli ilisema ardhi yote ni ya umma, mailo ikageuzwa lisi (ardhi ya kukodi kwa miaka maalum), busuulu ikafutwa, sawa. Lakini pamoja na busuulu ikafutwa na ile kinga ya 1928, kwa hiyo kisheria mtu wa kibanja akabaki wazi kuliko mwanzo.

Na tuache kusema wenyeji walikuwa wavivu ndiyo sababu mashamba makubwa ya miwa ya Lugazi na Kakira yalileta vibarua kutoka mbali. Mtu mwenye pamba yake akakate miwa ya mwingine kwa hela kidogo kwa nini? Waliokwenda wengi walitoka Rwanda, Burundi na West Nile kwetu huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako serikali ya kikoloni ilitufanya stoo ya vibarua na kodi ilikuwa inadaiwa tu.

Leo kuna sheria ya ardhi ya 1998: kama ulikaa kwenye kibanja miaka 12 au zaidi kabla ya katiba ya 1995 bila mwenye ardhi kukupinga, una haki hapo, hata kama hati ina jina la mwingine.