Je, Wajua Kwa Nini Barabara ya Vumbi Hujikunja Kama Bati?

Kaskazini-magharibi mwa Australia, katika nyika ya Kimberley, ipo barabara iitwayo Gibb River Road. Ina urefu wa kilomita 660 hivi, nyingi zikiwa za vumbi na kokoto. Ilianza kama njia ya kusafirishia ng'ombe; leo imejaa watalii, na msimu wa mvua hufungwa. Kuna makorongo ya kupendeza huko, kuna maporomoko ya maji, kuna mibuyu (ndiyo, nao wana mibuyu). Lakini anachokumbuka zaidi aliyeipita ni mtetemo. Uso wa barabara umejipanga mikunjo midogo kama bati la kuezekea, na kati ya tuta na tuta mara nyingi ni nusu mita hadi mita moja. Skrubu hulegea zenyewe. Makopo ya soda yakipangwa vibaya husuguana hadi yakatoboka kabla ya kufunguliwa. Aliyewahi kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti kwa gari anajua ninachosema.

Nani anaichonga mikunjo hiyo? Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, na nililitoa kwa kujiamini kabisa: malori. Australia ina malori yanayovuta matrela matatu kwa mpigo. Nilidhani uzito ule unadunda juu ya springi, na mdundo wa springi unajichora barabarani, tuta kwa tuta. Wengine husema ni mtetemo wa injini, wengine upepo, kwa kuwa upepo nao hukunja mchanga wa jangwani. Maelezo yangu niliyaona bora kuliko yao. Yalikuwa na springi ndani yake, na kitu chenye springi husikika cha kisayansi.

Shida ni kwamba mikunjo haihitaji springi. Mwaka 1963 Keith Mather, mwanafizikia mzaliwa wa Australia, alieleza jinsi alivyoipata kwa gurudumu dogo tu lililofungwa kwenye mkono na kuzungushwa juu ya mchanga. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walirudia wazo hilo kwa meza ya mviringo inayozunguka, imetandazwa mchanga, na gurudumu la mpira limekaa juu yake. Hapakuwa na lori, injini wala upepo. Mikunjo ikatokea. Baadaye gurudumu likabadilishwa na kibao kisichozunguka, kinachokwangua tu. Mikunjo ikatokea tena.

Chukua jembe, liburute juu ya mchanga mkavu. Ukilivuta taratibu, linasawazisha. Ukikaza mwendo, mchanga unajikusanya mbele yake, jembe linapanda juu ya kichuguu hicho, linaruka, linaangukia mbele na kuchimba. Palipochimbwa mchanga husukumwa mbele, na hicho ndicho kichuguu kinachofuata. Gurudumu hufanya vivyo hivyo. Linakuta kijiwe au kinundu kidogo mno, linarushwa kidogo, linatua hatua kadhaa mbele na kuchimba. Gari la pili linakuta kinundu pale pale, pamoja na shimo jipya. Watoto wanaorusha vijiwe bapa ziwani wanaujua mchezo huu: polepole kijiwe kinazama, kwa kasi kinadunda. Na kwa kuwa magari mengi hupita kwa mwendo unaokaribiana, hutua karibu pale pale, ndiyo maana mikunjo inalingana kana kwamba ilipimwa kwa kamba.

Upo mwendo ambao chini yake gurudumu hukandamiza kinundu badala ya kukiruka. Kwa gari la kawaida unakadiriwa kuwa karibu kilomita 8 kwa saa. Kwa mwendo huo, Gibb River ingekuchukua zaidi ya siku tatu bila kulala.

Hata hivyo, meza ya maabara si Kimberley. Mchanga wake ni mkavu na safi. Barabara halisi ina udongo wa mfinyanzi, unyevu na magari ya kila aina. Springi hazianzishi mikunjo, lakini huenda zina usemi kuhusu ukubwa wake, kwa hiyo sijaliachilia lori langu kabisa. Wenye matrela ya kulala hulaumiwa sana njiani. Ushahidi dhidi yao ni mwembamba.

Madereva wazoefu hupunguza upepo wa tairi, na wengine hukimbia kilomita 80 kwa saa ili tairi ziguse vilele tu. Gari hutulia kweli. Ila tairi iliyo hewani nusu ya safari haina breki wala usukani wa maana.

Tiba ya kudumu ni lami, kama ile iliyokamilishwa mwaka 2020 kwenye barabara ya Cape Leveque, kaskazini mwa Broome, ambako vumbi jekundu lilikuwa limetawala takriban kilomita 90. Kwingineko huletwa greda. Isipokata hadi chini ya mabonde, mikunjo hurudi upesi. Na dereva wa greda akiwa na haraka ya kwenda chakula cha mchana, bapa lake nalo huanza kudunda, na nyuma yake hubaki mikunjo mipya kabisa, kabla gari lolote halijapita.