Kadi ya grafiki: anza na pawa saplai, na baridi ya Mbeya isikudanganye

Wengi wanaonifuata hapa Mwanjelwa, Mbeya, ni wahariri wa video za harusi, na swali lao la kwanza ni kadi gani ya grafiki (ile inayochora picha za skrini) ni kali. Mimi kwanza nafungua kompyuta nisome kibandiko cha pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme. Mashine nyingi za mezani mjini kwetu ni mitumba ya maofisini, zile nyembamba, na mara nyingi hazina waya wa kulisha kadi. Sloti ya kwenye ubao mama, pale kadi inapochomekwa, hutoa wati 75 basi. Hapo nachagua kadi ya NVIDIA ya GTX 1650 isiyo na soketi ya umeme, au RTX 3050 ya GB 6 inayotumia wati 70, tena ya kimo kifupi ili iingie.

Mwenye kasha kubwa na pawa saplai ya kuaminika ya wati 550 ana nafasi zaidi. Kwa gemu, RX 6600 ya AMD inatosha kabisa. Kwa programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, au ya michoro ya 3D ya Blender, nasimama na RTX 3060 ya GB 12: memori ya kadi ndiyo huisha kwanza ukihariri 4K, na programu nyingi za kazi zimezoea CUDA, mfumo wa kuipa kadi kazi za hesabu, ambao ni wa NVIDIA peke yake.

Sasa ovakloki, yaani kuilazimisha kadi iende kasi kuliko ilivyopangwa kiwandani. Vijana huniambia, "Fundi, huku baridi, tuipandishe kasi." Baridi ipo, Julai shahidi. Lakini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 15. Feni ikizunguka kwa kasi ileile, inasukuma hewa pungufu, kwa hiyo inaondoa joto pungufu. Baridi bado inatusaidia, ila si kwa kiwango wanachodhani. Na kubwa zaidi: tangu GTX 680 ya mwaka 2012, kadi za NVIDIA hujipandisha kasi zenyewe zikiona joto na umeme vinaruhusu. Faida ya baridi kadi imeshaichukua kabla hujagusa kitu. Ukiilazimisha, utapata asilimia chache, nawe utazilipa kwa kelele, joto na programu kuzima katikati ya kazi ya mtu.

Ninachopenda mimi ni kushusha volti. Umeme unaoliwa na chipu hufuata mraba wa volti: punguza volti kwa asilimia 5, kasi ibaki palepale, na matumizi ya chipu hushuka karibu asilimia 10. Kwa chumba kidogo chenye vumbi la kiangazi, hiyo ni nafuu kubwa. Tumia programu ya MSI Afterburner, shuka kidogo kidogo, na kila hatua rendera (toa faili la mwisho la) video halisi ya urefu wa harusi nzima. Ukiona vidoa vya rangi au skrini ikazima ghafla, rudi hatua moja juu, kisha rendera tena.