Nano na akili mnemba katika vifaa vya tiba: kipi hufanya kazi gani

Ukishikwa na homa ukaingia zahanati ya Kongowea au Likoni, hapa Mombasa, huenda nanoteknolojia ikakuhudumia kabla tabibu hajakuandikia dawa. Mhudumu wa maabara atakudunga kidole, atatia tone la damu kwenye tundu la kibao cha plastiki, ataongeza matone ya dawa ya maji, kisha mtangoja dakika 15 au 20. Ukitokea mstari mmoja kwenye herufi C, malaria haikuonekana. Ikitokea miwili, unayo. Na wekundu wa mistari hiyo, kwa vibao vingi, ni dhahabu.

Sonara wa Mji wa Kale atabisha, maana dhahabu anayoijua ni ya manjano. Lakini dhahabu ikitengenezwa kuwa punje za nanomita 40 hivi, rangi yake hugeuka. Mwanga ukiipiga, elektroni zake huyumba kwa pamoja na kumeza kijani, nasi tunabaki kuona wekundu. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi, kwa hiyo ungeweza kupanga punje 170 na zaidi kukatiza chembe moja tu. Nanoteknolojia ndiyo hiyo: kuunda vitu vya kipimo hicho, kwa kawaida kati ya nanomita 1 na 100, mahali ambapo kitu kilekile huanza kuwa na tabia nyingine.

Punje za kibao huvikwa kingamwili zinazonasa HRP2, protini inayotolewa na kimelea cha Plasmodium falciparum. Maji husomba damu na dhahabu pamoja kupitia ukanda wa ndani. Protini ikiwemo, hukwama penye mstari wa kipimo, na punje hurundikana pale hadi jicho lione. Mstari wa C hutokea hata kwa mtu mzima wa afya. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, kibao hicho ni cha kutupa, hata ule mwingine uwe mwekundu namna gani. Hakuna viroboti vinavyoogelea mishipani, ingawa ndivyo wengi wetu tunavyopiga picha tukisikia neno nano.

Akili mnemba ni kitu kingine kabisa. Ni programu iliyofunzwa kwa mifano mingi mpaka ikajua kutambua kitu kipya kinafanana na nini. Mfano ulioiva zaidi ni eksirei ya kifua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu za namna hii kusoma picha za kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, badala ya msomaji binadamu. Programu haisemi "huyu ana TB". Inatoa alama, tuseme kati ya 0 na 100, na wanaoendesha huduma ndio huamua nani apelekwe kupimwa makohozi.

Hapo pa kuamua ndipo penye kazi. Mpaka wa alama ukiwekwa chini, watu wengi wasio na TB watatoa makohozi bila sababu na mashine ya maabara itaelemewa. Ukiwekwa juu, mgonjwa atarudishwa nyumbani Kisauni akaendelee kukohoa katikati ya watoto. Tena aliyewahi kuugua TB akapona hubaki na makovu mapafuni, na programu huyapa alama kubwa kana kwamba ugonjwa uko palepale. Ndiyo maana mpaka uliofaa nchi nyingine haufai kuletwa hapa vivyo hivyo. Lazima upimwe kwa wagonjwa wa hapa.

Sasa viunganishe viwili hivyo. Kuna programu za simu zinazosoma picha ya kibao cha malaria na kuona mstari hafifu ambao jicho lililochoka, chini ya taa mbovu, lingeuruka. Kubwa zaidi ni pua ya umeme. Desemba 2016, Hossam Haick na wenzake wa Technion, chuo kikuu cha Israel, walichapisha utafiti wa kifaa chenye vihisio vya punje za dhahabu na mirija midogo ya kaboni, kinachopulizwa pumzi. Hakuna kihisio kimoja kilichotambua ugonjwa peke yake; akili mnemba ndiyo iliyosoma mkusanyiko wa mabadiliko yao. Kwa watu 1,404 na magonjwa 17, kilipatia kwa asilimia 86. Ni hatua ya kupigiwa makofi, ila usingetaka kuambiwa una saratani na kitu kinachokosea watu 14 kwa kila 100.

Kwa hiyo nano huhisi, akili mnemba husoma, na makosa yao hayafanani. Mwaka 2010 watafiti waliripoti kutoka Peru vimelea vya malaria visivyo na jeni ya HRP2, na baadaye vikaonekana Eritrea na Ethiopia pia. Kibao cha HRP2 kinaweza kupitwa na kimelea cha namna hiyo. Hata programu iwe hodari vipi, haiwezi kusoma mstari ambao haukujichora.

Ndiyo maana siziamini mashine zinazonadiwa kwenye makundi ya WhatsApp: unashika kijiti cha chuma kwa dakika moja, kompyuta inatoa karatasi yenye hali ya figo, ini na moyo, na muuzaji anasema ni nano, tena ina akili mnemba. Damu haikuguswa, mkojo haukuguswa, pumzi haikuguswa. Muulize kihisio kinahisi nini hasa, na kama kifaa kimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia vifaa vya tiba hapa Kenya. Akianza kukuuzia vidonge kabla hajajibu, chukua mkoba wako ushike njia.