Kujifunza kutengeneza tovuti hakuhitaji kompyuta ya bei ghali

Wengi wanaamini kwamba mtoto hawezi kujifunza kutengeneza tovuti bila kompyuta mpya, programu za kulipia na intaneti isiyokatika. Imani hiyo inaeleweka: tovuti tunazozitumia kila siku ni kubwa, na hukaa kwenye seva za mbali, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti.

Lakini ukurasa wa wavuti, kwa msingi wake, ni faili la maandishi tu. HTML, yaani lugha ya alama inayotumika kuandika kurasa za wavuti, huandikwa kwenye kihariri chochote cha maandishi, hata kile kinachokuja na kompyuta, na kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) hulisoma faili moja kwa moja kutoka kwenye diski. CSS ya kuupamba ukurasa na JavaScript ya kuufanya uitikie mguso hufanya kazi vivyo hivyo. Intaneti huhitajika mtoto anapotaka walio mbali waione kazi yake.

Hakikisha mwenyewe. Zima intaneti, fungua kihariri, andika <h1>Habari</h1>, hifadhi kwa jina jaribu.html, kisha lifungue faili hilo kwa kivinjari. Neno litatokea likiwa kubwa na limekolea. Mwachie mtoto aandike jina lake badala yake, ahifadhi, aupakie ukurasa upya. Hapo ndipo hamu huanza. Simu nayo inawezekana, ila kuandika alama hizo kwa vidole huchosha, hivyo kompyuta kuukuu yenye kibodi nzima inafaa zaidi.