Tab haibahatishi: dhana potofu kuhusu kitufe kinachomalizia amri

Vijana wengi wa Mwanza wanaoanza kazi za seva hufundishwa Tab kwa sentensi moja: andika herufi chache, bonyeza, jina linajaa lenyewe. Yanayobaki kila mmoja anajijazia, na ndipo zinapozaliwa imani ambazo utazisikia kuanzia Kirumba hadi Nyegezi. Hapa nazungumzia zaidi Bash, programu inayosoma amri unazoandika kwenye teminali, kwa sababu ndiyo utakayoikuta kwenye seva nyingi za Linux.

"Tab inabahatisha tu"

Haibahatishi hata kidogo, inalinganisha. Neno la kwanza la mstari inalitafuta kwenye orodha ya amri, pamoja na vifupisho ulivyojiwekea kwa `alias`. Neno linalofuata inalitafuta kwenye majina ya faili na folda, isipokuwa kama amri hiyo imepewa kanuni yake ya kumalizia.

Tuchukue folda za mapokezi ya samaki zilizopangwa kwa visiwa: Irugwa, Kome, Maisome, Ukara, Ukerewe. Andika `cd K`, bonyeza Tab, unapata `Kome/` palepale. Andika `cd Uk`, bonyeza, unasikia kengele tu. Wengi wakifika hapo husema imegoma. Haijagoma: Ukara na Ukerewe zinaachana kuanzia herufi ya tatu, na Tab haina mamlaka ya kukuchagulia kisiwa. Bonyeza tena, itakutajia vyote viwili. Ongeza `e`, bonyeza, umefika Ukerewe.

"Ukikosea herufi kubwa na ndogo, imekula kwako"

Ndivyo ilivyo kama hujagusa mipangilio. `cd uk` haitapata kitu kwenye folda zile. Lakini anayesoma kitufe hicho ndani ya Bash ni maktaba iitwayo Readline, nayo hutii faili la `~/.inputrc`. Liandike hivi:

```
$include /etc/inputrc
set completion-ignore-case on
set completion-map-case on
set show-all-if-ambiguous on
```

Mstari wa kwanza usiuruke. Ukiwa na `.inputrc` yako mwenyewe, Readline haisomi tena ile ya mfumo mzima, na unaweza kushangaa vitufe kama Home na End vimebadilika tabia. Wa pili unafuta tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Wa tatu unategemea wa pili, na unafanya kistari cha kati na kistari cha chini vihesabike kitu kimoja, kwa hiyo `mauzo-sato` na `mauzo_sato` havikusumbui tena. Wa nne unaondoa ile kengele: majina yanayogongana yanatajwa kwa bonyezo la kwanza. Kisha fungua teminali mpya, au bonyeza Ctrl-x ikifuatiwa na Ctrl-r, mipangilio isomwe upya.

Faili zenye nafasi katikati ya jina nazo husingiziwa kwamba Tab haiziwezi. Inaziweza. Inaweka alama za `\` yenyewe, na kwa kweli ndiyo njia salama kuliko kuziandika kwa mkono.

"Tab ikichelewa, kompyuta imechoka"

Hii ndiyo imewafanya watu watafute RAM bila sababu. Kumalizia jina la faili lililo kwenye diski yako ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kinachochelewa ni pale kanuni ya amri inapoenda kuuliza mahali pengine. Ukiwa na `bash-completion`, kifurushi cha kanuni za namna hiyo, andika `scp seva:ripoti/` (`scp` hunakili faili kati ya kompyuta) kisha Tab: kompyuta inafungua muunganisho wa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, hadi kwenye seva, inaomba orodha ya faili, inarudi nayo. Kwa bando la simu jioni, mtandao unapokuwa mzito, subira yote iko hapo.

Kuna na kisa kingine: Tab inanyamaza kabisa, haitoi jina wala kosa. Kanuni ile huita SSH kwa hali isiyoruhusu kuuliza nywila, kwa hiyo kama unaingia kwa nywila kila mara, jibu ni kimya. Tumia ufunguo wa SSH, halafu weka haya kwenye `~/.ssh/config`, na mahali pa anwani ya mfano uweke ya seva yako:

```
Host seva
  HostName 192.0.2.10
  ControlMaster auto
  ControlPath ~/.ssh/%C
  ControlPersist 10m
```

Muunganisho wa kwanza utachukua muda wake, lakini inayofuata itapita humo humo kwa dakika 10 baada ya matumizi ya mwisho. Faida ya pembeni: `ssh se` na Tab itamalizia jina la seva. Kwenye Debian na Ubuntu majina ya seva ulizowahi kuingia huhifadhiwa yakiwa yamefichwa, kwa hiyo Tab haiwezi kuyasoma kule. Huku kwenye `config` inayasoma.

"Hayo ni ya git na wakubwa wenzake, skripti yangu haihusiki"

Bash iliruhusu kila mtu kuandika kanuni zake tangu toleo la 2.04 la mwaka 2000. Tuseme una skripti `mauzo` inayotaka jina la samaki. Kwenye `~/.bashrc` weka:

```
complete -W "dagaa sangara sato furu" mauzo
```

Sasa `mauzo d` na Tab ni dagaa, na `mauzo sa` inakutajia sangara na sato. Kama orodha hubadilika, iweke kwenye faili na uandike `complete -W '$(cat ~/samaki.txt)' mauzo`. Zile nukuu moja moja zina kazi: ndizo zinazofanya faili lisomwe kila unapobonyeza, badala ya mara moja tu teminali inapofunguka. Na kama skripti hupokea pia jina la faili, ongeza `-o default`, la sivyo Tab itajua samaki tu.

"Dawa ni kuhamia Zsh au fish"

Hizo ni programu nyingine za kazi ile ile ya Bash. Ni nzuri, sikatai. fish, iliyotoka mwaka 2005, inaweza hata kusoma kurasa za `man`, yaani maelezo ya amri, na kujitengenezea orodha ya chaguo za amri. Ila usichanganye Tab na yale maandishi ya kijivu yanayojitokeza ukiandika. Hayo kwa kawaida hutoka kwenye historia ya amri zako. Na ukiingia kwenye seva ya mteja bado utaikuta Bash.

"Ukibonyeza Tab ovyo utafuta kitu"

Tab haitekelezi amri uliyoandika, Enter ndiyo inayotekeleza. Hatari ipo sehemu moja: wanaofunga Tab kwenye `menu-complete`, inayokuwekea jina la kwanza moja kwa moja na kuzunguka kila ukibonyeza. Kwa `cd` ni raha. Kwa `rm`, kwenye folda yenye majina yanayofanana, mkono ukizoea Tab-Enter umeshafuta la Ukara ukidhani la Ukerewe. Mimi naiacha Tab kama ilivyo, na mzunguko nauweka kwenye Shift-Tab, ndani ya `~/.inputrc`:

```
"\e[Z": menu-complete
```