Sindano ya kila mwezi si ya usingizi

Siku ya kutembelea wafungwa gereza la Butimba, hapa Mwanza, hutakosa kusikia: "Wanamchoma sindano za usingizi ili asisumbue." Huyo ni mfungwa anayetibiwa ugonjwa wa akili. Mara nyingi ushahidi ni shingo iliyokakamaa na mate yanayomtoka ndugu yao.

Hayo ni madhara ya pembeni ya dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidoli, na wagonjwa wa uraiani huyapata vilevile. Daktari hupunguza dozi au huongeza kidonge cha benzeksoli, cha kulegeza mkakamao huo. Haloperidoli hudhibiti dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo. Sauti zisizokuwepo anazosikia mgonjwa hufifia taratibu, kwa siku hadi wiki. Sindano ya flufenazini, ile ya kila mwezi ya ugonjwa huohuo, nayo huachia dawa kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne, kwa hiyo anayetaka kumlaza mtu usiku huo haimfai kitu.

Kumdunga mkorofi asiyeumwa ili tu atulie ni unyanyasaji, na hapo ndugu wahoji. Kanuni za Mandela za mwaka 2015, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinataka mfungwa atibiwe kwa kiwango kilekile cha uraiani.

Linalonitisha zaidi ni dawa kukatika mtu anapokamatwa. Kama ndugu yako alikuwa kwenye dawa, peleka kadi yake ya kliniki kwenye zahanati ya gereza mapema.